Ijumaa Naifuta Bunda

Ofisi ya simu ya Musoma ilikuwa imejaa asubuhi ile ya Julai 1997. Watu walikaa kwenye mabenchi wakisubiri kuitwa vibandani, na kwa kuwa milango ya vibanda haikufungika vizuri, kila aliyesubiri alisikia habari za wenzake. Aliyesikika kuliko wote ni kijana mrefu mwenye shati la mistari na suruali ya marinda, boksi la disketi kwapani, akizungumza na mtu wa Dar es Salaam.

"Jedwali la wakulima linakataa," alisema. "Jana limekataa, leo limekataa tena. Hapana, la samaki halina shida. Ni hili la wakulima."

Alipotoka, msichana aliyekaa mwisho wa benchi alimtazama kutoka juu mpaka chini. Alivaa gauni la kitenge cha bluu lililombana kiunoni, hereni ndogo, na viatu vyeupe vilivyoshika vumbi la safari.

"Pole, kaka," alisema. "Wengine wakikataliwa hivyo wanarudiga kwao."

Benchi zima lilicheka. Kijana naye akacheka, akaketi pembeni yake bila kukaribishwa.

"Kwetu Majita mtu hakati tamaa haraka," alisema. "Naitwa Kasmiri. Kasmiri Masatu."

"Mimi Pelagia Thadeo, wa Butiama. Na hilo boksi, kama lina maandishi yangu juu, basi wakulima wanaokukataa ni wa kwangu."

Kasmiri aligeuza boksi. Maandishi ya kalamu nyekundu yalisomeka: Bunda, Pamba. Kumbe wote wawili walikuwa wafanyakazi wa Suguti Traders, mojawapo ya kampuni za watu binafsi zilizoota mara baada ya biashara kufunguliwa. Musoma ilinunua sangara, Bunda ilinunua pamba. Pelagia ndiye aliyeingiza rekodi za wakulima kwenye kompyuta ya Bunda. Kasmiri, aliyesomea kompyuta Dar es Salaam, alikuwa ameajiriwa majuzi tu.

Kazi aliyopewa ilikuwa hii. Ofisi mbili zilitumia programu mbili zisizoelewana. Mkurugenzi, Bwana Leodgar, alitaka rekodi zote zikae kwenye kompyuta moja kubwa pale ofisi ya Musoma, mtaa wa Mukendo, katika kitu walichokiita ghala la data, ili akiketi mezani aione biashara yake yote. Kasmiri alikuwa na programu ya kuunganisha: inachukua rekodi za Bunda, inazigeuza zilingane na za Musoma, kisha inazipakia ghalani. Kabla ya kuingia ghalani rekodi zilikaa kwanza kwenye sehemu ya muda ndani ya kompyuta. Sehemu hiyo aliipa jina la ofisi ambako rekodi zilitoka, Bunda, na ilikuwa ifutwe kazi ikiisha.

Rekodi za wakulima zilikataa kuingia kwa sababu watu wengi walikuwa na majina yaleyale. Programu iliwaona Makongoro watatu kuwa ni Makongoro mmoja, ikagoma. Kasmiri akabuni namba kwa kila mkulima, na akawa anakwenda Bunda kuzigawa pamoja na Pelagia na mwenzake wa meza ya pili, Dorotea, mama mtu mzima mwenye watoto wanaosoma.

Mchana walikula kwa mama lishe karibu na stendi.

"Huyu sato amekauka," Kasmiri alilalamika siku moja. "Njoo Musoma ule samaki."

"Nitakula kwa nani?"

"Kwangu. Nimepanga Kamunyonge, chumba na sebule."

"Sebule nitaiona. Chumba mpaka aje padri."

Dorotea aliinamia sahani yake ili asionekane anacheka.

Siku ambazo hakuja, simu ya ofisi ililia asubuhi kabla hata Pelagia hajavua mkoba.

"Habari za Bunda, mpenzi?"

"Bunda vumbi. Na ziwa lako?"

"Lipo. Linakuulizia."

"Liambie nina kazi. Na wewe pia fanya kazi, utafukuzwa."

Mwezi wa tisa Pelagia alipeleka Musoma disketi za mwisho kwa mkono wake. Alipofika mlangoni, Kasmiri alikuwa amempa mgongo, akiongea kwenye simu.

"Ndiyo, imebaki kupakia tu," alikuwa akisema. "Ijumaa naifuta Bunda. Hapana, haina haja ya kubaki. Kila kitu kitakuwa hapa."

Pelagia hakuyapa uzito maneno hayo. Kasmiri aligeuka, akamwona, akaangusha simu nusura aivunje. Jioni ile, kabla ya basi, walitembea kando ya ziwa wameshikana mikono, na hawakuongea habari za kompyuta.

Ijumaa iliyofuata Bwana Leodgar alifika Bunda na gari lake. Aliwaita wafanyakazi wa rekodi, akawashukuru, akawaambia kwamba kuanzia sasa karani wa Musoma angeingiza kila kitu moja kwa moja ghalani, hivyo meza zao hazikuhitajika tena. Alisema bila ukali, kisha akaenda kukagua marobota ya pamba.

Simu ililia wakati Pelagia akifunga droo yake.

"Pelagia, nimesikia sasa hivi. Sikujua."

"Leo siku gani, Kasmiri?"

"Ijumaa."

"Ulisema Ijumaa unaifuta Bunda. Nilikuwa nimesimama mlangoni."

"Ile siyo ofisi. Ile ni sehemu tu ndani ya kompyuta, inaitwa..."

"Inaitwa Bunda. Nimekuelewa vizuri. Mimi na mama Dorotea tulikuwa tunakupa majina ili utufute."

Alikata. Kasmiri alipiga tena na tena, na mwisho simu ikawa inalia kwenye chumba kisicho na mtu.

Bwana Leodgar aliporudi Musoma, Kasmiri alimfuata ofisini kwake. Mkurugenzi alishangaa kuona amekasirika.

"Ulidhani ile mashine niliinunua kwa ajili gani?" aliuliza. "Kazi umeifanya vizuri. Kama kuna mtu unamtaka, sema, nitampa nafasi hapa."

Kasmiri alisema jina moja.

Aliipeleka mwenyewe Bunda habari hiyo, akiwa na furaha ya mtu aliyeokoa kitu. Alimkuta Pelagia kwenye chumba alichopanga, akifunga godoro kwa kamba ili arudi kwao. Alimweleza kila kitu kuhusu ile sehemu ya muda, akichora kwa kidole kwenye vumbi la dirisha. Pelagia alisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini," alisema. "Hukujua. Lakini ulipoona kazi yetu yote inaingia kwenye mashine moja, hukuwaza sisi tutaingia wapi?"

"Sikuwaza. Nilikuwa nawaza ikubali."

"Hapo ndipo nilipoumia."

"Nimekupatia nafasi Musoma. Jumatatu unaanza."

"Na Dorotea?"

Kasmiri alifuta kidole chake chenye vumbi kwenye suruali.

"Ulimtaja Dorotea?"

"Hapana."

"Basi hiyo nafasi mpe mtu mwingine." Akavuta kamba, akafunga fundo. "Nisaidie kulibeba mpaka barabarani, halafu uende."

Alilibeba. Gari la Butiama lilipoondoka, Pelagia hakugeuka.

Mvua kubwa za mwaka ule zilianza mapema na zilikataa kukatika. Ghala la data lilifanya kazi kama lilivyotakiwa. Kasmiri alisifiwa. Asubuhi alifika ofisini, akaitazama simu, akaiacha.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata alikutana na Dorotea sokoni Musoma. Mama huyo alikuwa akinunua utepe wa mashine ya kuchapia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si ndiye uliyetufuta?"

"Ndimi."

Dorotea alimtazama usoni. Kijana alikuwa amekonda.

"Tuna chumba cha kuchapia barua, Kiabakari, pale barabarani," alisema. "Mimi sikukutuma. Nimekuonyesha tu biashara yangu ilipo."

Jumamosi Kasmiri alikwenda. Chumba kilikuwa kidogo, chenye mashine kuukuu na dirisha lililotazama barabara ya matope. Pelagia alivaa sweta la kijani, nywele amezisuka mistari ya kurudi nyuma, vidole vimeingia wino. Dorotea alipomwona mgeni alisema anafuata sukari, ingawa kopo la sukari lilikuwa limejaa mezani.

"Karibu," alisema Pelagia. "Unachapiwa nini?"

"Barua. Kwa mzee Thadeo, Butiama."

Pelagia alichomeka karatasi bila kumtazama. "Sema."

"Shikamoo, mzee. Mimi ni Kasmiri Masatu wa Majita, nafanya kazi ya kompyuta Musoma. Nilipakia rekodi za ofisi ya Bunda na watu wakapoteza kazi, binti yako akiwemo. Nilipoambiwa nitaje wa kupewa nafasi, nilimkumbuka yeye peke yake. Sasa wanataka nifanye hivyohivyo kwenye ofisi waliyoichukua Tarime. Nimekataa kuanza mpaka watu wa kule waambiwe. Mkurugenzi amekasirika, lakini wameambiwa, na wameanza kutafuta pa kwenda. Kwa Bunda nimechelewa."

Mashine iligonga mpaka hapo, ikanyamaza.

"Baba yangu akisoma hii atauliza, huyu kijana anataka nini."

"Andika kwamba namtaka Pelagia awe mke wangu. Halafu acha nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya jibu lake. Siwezi kumsemea."

Lori lilipita likirusha maji mpaka kwenye kizingiti. Pelagia alizitazama herufi za mashine, kisha akaanza kugonga peke yake, taratibu, bila kusomewa neno. Aligonga kwa muda mrefu. Akaichomoa karatasi na kumpa.

Chini ya maneno yake kulikuwa na mistari mipya: *Pelagia bado ana hasira kidogo, lakini amekubali. Anasema barua haitoshi. Mwandishi aje mwenyewe Jumapili baada ya misa, na ajiandae kuulizwa maswali na mama.*

Kasmiri aliisoma tena tangu juu. Kisha akaomba kalamu atie sahihi.