Homa Iliyofichwa Daftarini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti alimpima babu yake joto na kuliandika daftarini. Babu, fundi seremala mwenye saratani ya damu, alimwita Karani. Zamani walitaniana mpaka bibi akawafukuza mezani. Tangu babu aanze dawa, moyo wa Karani ulikufa ganzi. Halii, hacheki, anapima na kuandika tu.

Siku hiyo babu aliamka na mafua. Kipimajoto kilisoma thelathini na nane nukta tano.

"Andika thelathini na sita na nusu," babu alinong'ona. "Kitanda cha watu kimebaki kupigwa msasa tu. Nikilazwa, nani atakimaliza?"

"Babu, daktari alisema ikifika thelathini na nane tupige simu."

"Mafua tu haya, Karani! Andika, mjukuu wangu."

Karani akaandika. Hakuona hofu wala aibu.

Aliporudi mchana alimkuta babu kwenye karakana, ameketi juu ya maranda, anatetemeka, msasa ungali mkononi. Bibi alikuwa amelishika daftari.

"Mbona asubuhi alikuwa mzima?"

Babu alimkazia macho mjukuu wake. Karani akatazama chini.

"Nimeandika uongo, bibi. Ilikuwa thelathini na nane nukta tano."

Bibi hakugomba. Alipiga simu, na kabla ya alasiri babu alikuwa hospitalini.

"Kwako wewe, mafua ni kupenga kamasi," daktari alimweleza Karani. "Babu yako ana miaka sabini na miwili, saratani yake ni ya damu, dawa za wiki iliyopita zimepunguza kinga yake, na mapafu yameshachoshwa na sigara. Kirusi cha mafua kikimkuta hivyo, hakimwachi kirahisi. Dawa ya kirusi hicho inasaidia zaidi ikiwahi, na leo tumewahi."

Siku ya nne babu aliweza kuketi na kunywa uji. Karani alipomwona, alilia kwa mara ya kwanza tangu dawa zianze. Alilia mpaka akapata kwikwi.

"Mimi ndiye niliyekukosea," babu alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami nilitaka tufiche wawili. Mgonjwa akikuomba umfichie homa, mjukuu wangu, mnyime. Afadhali akununie akiwa hai."