Shilingi ya Mtoto

Dympna Rafter alikuwa akichagua samaki wa Kwaresima katika Mtaa wa Moore, kofia ya zambarau aliyoishona mwenyewe imeinama upande kwa madaha, alipomwona mchumba wake, Fintan, akisukuma kigari cha mtoto.

Kando yake alitembea mwanamke mwenye koti la kijani, mkono umetulia begani kwa Fintan kana kwamba ndipo ulipozaliwa.

Dympna alidhani ameelewa yote. Fintan alimvisha pete mkesha wa Jumatano ya Majivu. Kwa kuwa Dublin padri hafungishi ndoa wakati wa Kwaresima, walikubaliana Jumatatu ya Pasaka. Juzi akaja, anakunjakunja kofia mikononi, akaomba siku iahirishwe. Aliulizwa sababu, akaivaa kofia akaondoka. Leo sababu ilikuwa hii hapa, na ilikuwa na magurudumu manne.

Hakupiga kelele. Alitoa shilingi mkobani. Mjini kwao mtoto mchanga hapitwi hivihivi: unamtia fedha kiganjani, unambariki, ndipo unaendelea na safari.

"Hongera, baba. Ngoja nimtunze mwanao."

"Dympna, nakuomba..."

Mkono ulikwisha kuzama chini ya blanketi. Alitarajia joto la mtoto. Alikuta chuma baridi, vipande vyembamba vimelala ubavu kwa ubavu kama dagaa. Risasi.

"Na mimi nina yangu," sauti ilisema nyuma yao. Polisi mnene, masharubu mekundu, alikuwa akipapasa mfuko kutafuta sarafu. "Wa kiume au wa kike?"

Uso wa Fintan ulikuwa mweupe kama mshumaa. Dympna alimkumbuka kaka yake, Malachy, aliyekuwa ndani ya mahandaki ya Flanders akipigana na Wajerumani, katika sare ya mfalme wa Uingereza. Risasi hizi zilikusudiwa watu wenye sare ile. Neno moja tu, na Fintan angenyongwa.

Akalivuta blanketi juu.

"Wa kike, afande. Ana surua. Mimi nilishaugua, ndiyo maana namshika. Una watoto nyumbani?"

Polisi alirudi nyuma, akafanya ishara ya msalaba, akageuka zake.

Walipofika kichochoroni, mwanamke wa koti la kijani alichukua kigari akaondoka bila kuaga.

"Yule ni mke wa mtu," Fintan alisema. "Na ngumi zake zinatushinda sisi mafundi wa mapipa."

Dympna hakucheka. Basi Fintan akaeleza, kwa haraka na kwa sauti ya chini: London ilipitisha sheria ya Waairishi kujitawala, kisha ikaifungia kabatini mpaka vita viishe; sasa kulikuwa na minong'ono kwamba vijana wataburutwa jeshini. Mwingereza ana moto kwake, ndio wakati wa kumdai nyumba yetu. Gwaride la Pasaka walilotangaza yeye na wanamgambo wenzake halitakuwa gwaride; litakuwa maasi.

"Malachy naye alikwenda kwa ahadi hiyohiyo," Dympna alisema. "Waliambiwa piganeni, mtapewa nchi yenu. Akija likizo, Fintan, akapita mbele ya bunduki yako?"

"Nitaitupa chini."

"Muongo."

Fintan aliivua kofia. "Sijui nitafanya nini. Huo ndio ukweli."

Jibu hilo lilimuuma, lakini lilikuwa la kwanza la kweli tangu Kwaresima ianze.

"Ungeniambia."

"Asiyejua hana la kuhojiwa, mpenzi."

"Nimezishika risasi zako mbele ya polisi. Sasa najua." Aliichukua ile shilingi, akamtia kiganjani, akavifunga vidole vyake kimoja kimoja. "Hii ni ya mtoto wetu. Siku akizaliwa, utamtunza wewe mwenyewe. Jumatatu nitakuwa mlangoni pa kanisa."

"Na nikichelewa?"

"Chelewa. Ila uje."

Jumatatu ya Pasaka alisimama pale na gauni lake la kijivu. Kengele za adhuhuri zilipokoma, mlio wa kwanza wa bunduki ulitoka upande wa mto. Watu waliokuwa kwenye ngazi walikimbia, na padri akamwita aingie ndani.

Dympna aliiweka sawa kofia yake, akabaki mlangoni.