Barua Nilizomwandikia Bi Edna

"Soma kwa sauti, Nabil. Mimi nimeshaisoma mara tatu kimyakimya."

"Mwana, si kama unavyofikiri."

"Soma!"

Mume wangu alikuwa hajavua hata koti. Ndiyo kwanza aingie kutoka chuoni College Park, akanikuta mezani na barua ya Bi Edna mbele yangu. Nilikuwa natafuta chaja kwenye mkoba aliouacha asubuhi. Chaja sikuiona. Niliona bahasha.

Akasoma:

"Mpendwa Nabil. Chumba cha juu kiko tayari, na piano imeshatengenezwa. Njoo Juni, ukae mpaka majani yaanguke. Tangu nimpoteze mume wangu, hakuna mtu aliyeniambia kwamba hapitishi siku bila kunikumbuka. Najua nilisema tusionane hadi kazi ikamilike. Kanuni hiyo naivunja. Nipigie, namba yangu nimeiandika hapa chini. Wako, Edna."

"Wako," nikasema. "Wako tangu lini?"

Bi Edna ni mjane tajiri wa Potomac, huku huku Marekani. Kwa miaka miwili amekuwa akimlipa mume wangu atunge muziki. Na muziki wa Nabil, Mungu anisamehe, si wa kuchezwa harusini. Kunakuwa na ukimya wa sekunde arobaini, halafu mtu anakwaruza fidla kama anayekwangua ukoko. Sharti la Bi Edna lilikuwa barua tu. Hataki simu, hataki imeili. Kila mwezi mtunzi amwandikie kwa mkono kazi imefikia wapi. Mwandiko wa Nabil hausomeki hata na Nabil, kwa hiyo mwandishi nikawa mimi. Yeye anasaini chini, anapeleka posta.

Sasa mimi ni mtu wa Lamu. Nilifundishwa kwamba barua ya heshima haianzi na shida zako. Unasalimu kwanza, unamuuliza mwenzio afya na usingizi wake, unamwambia hupitishi siku bila kumkumbuka, na kwamba kimya chake kinakukosesha raha. Yote hayo nikayatia kwenye Kiingereza, nikampelekea bibi wa Kimarekani anayeishi peke yake. Na mke sikumtaja, maana kwetu mwanamume mwenye adabu hamwagi habari za mkewe kwa watu baki.

Yaani nilimtongozea mume wangu mwanamke, kwa mkono wangu mwenyewe!

"Barua zake zote huja hapa Alexandria," nikamwambia. "Hii imekwenda chuoni. Nani alimpa anwani?"

Akaangalia viatu vyake.

"Mimi. Nilimtumia kadi. Barua yake ya mwezi uliopita ilikuwa imeanza kuwa... ya moto. Nikaogopa ukiona nyingine kama ile uta-react vibaya."

"Kwa hiyo ukamtafutia maficho. Unaenda?"

"Ni residency, Mwana, msanii hupewa mahali pa kukaa afanye kazi yake. Wasanii wote wanafanya. Miezi minne, namaliza piece ya muziki, narudi."

"Wasanii wote huandikiwa 'wako'? Na ulimwambia una mke?"

"Hakuniuliza."

"Wallahi, Nabil, hakukuuliza!"

Nikaingia chumbani, nikateremsha sanduku lake, nikaanza kutupia mashati bila kukunja. Nikamwandikia ujumbe wa simu Rosalie, jirani yangu Mkongomani tunayefanya naye kazi ya kutunza wazee:

"Nabil anahamia kwa tajiri wake. Nampakilia nguo."

Jibu likaja hapo hapo:

"Maman, acha nguo. Mupigie ule bibi simu, weye na bwana yako pamoja. Ukweli itatoka yenyewe."

Nikarudi sebuleni na simu mkononi.

"Piga. Weka spika."

"Mwana, tafadhali. Akikasirika ata-cancel kila kitu. Miaka miwili ya kazi itapotea."

"Piga, ama nipige mimi."

Ikaita mara moja tu.

"Hello?"

Sauti nyembamba, ya mtu aliyekaa karibu na simu akiisubiri. Wivu ukanipanda.

"Bi Edna, ni Nabil," akasema kwa Kiingereza.

"Nabil! Nilijua utapiga. Unakuja?"

Nikamkazia macho. Jasho lilikuwa likimtoka juu ya mdomo.

"Siji. Na kuna jambo lazima nikwambie. Zile barua sikuandika mimi. Ameandika mke wangu."

Bi Edna akauliza:

"Una mke?"

"Ndiyo. Mwaka wa sita sasa."

"Yupo hapo? Mpe simu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimeshayapanga na Kiingereza chake. Lakini akaniwahi.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukiniuliza kama nalala vizuri?"

"Ni mimi."

"Na uliyeandika kwamba kimya changu kinakukosesha raha?"

"Ni mimi, Bi Edna. Kwetu ndivyo tunavyoandika. Ni heshima."

"Heshima tu? Hukumaanisha?"

Ningeweza kumwumiza kwa neno moja, na nilitaka.

"Nilimaanisha," nikasema. "Nilikuwa nakufikiria uko peke yako katika jumba lile. Lakini mume wangu sikukupa."

Akacheka kidogo, kicheko cha aibu.

"Mwambie muziki wake nitaugharimia mpaka mwisho. Niliahidi. Chumba nitakifunga. Na wewe, usiniandikie tena. Nitazikosa sana barua zako, lakini usiniandikie."

Akakata.

Nabil akakaa kwenye kochi na koti lake.

"Umefurahi?"

"Sijafurahi. Niambie kweli. Ulitaka kwenda?"

"Nilitaka."

"Kwa ajili ya muziki?"

Akatikisa kichwa kukataa.

"Basi kwa ajili yake."

"Hata yeye simjui, Mwana! Zile barua nilikuwa nazisoma kwenye treni kabla ya kuzitia posta. Zote. Hapa nyumbani unaniuliza nimekula, nimetoa taka, nimefua? Halafu nasoma unavyomwandikia yeye, nasoma mpaka napitiliza kituo. Maneno kama yale mimi hujaniambia hata siku moja. Unamwonea wivu Edna? Mimi nimemwonea wivu tangu barua ya kwanza. Nikasema bora niende huko maneno yalikofika, kuna mtu atanitazama kama mwenye maneno yale."

Alikuwa amenificha, alikuwa amekosa, na bado alikuwa akisema kweli. Barua kwa mgeni ni rahisi, unaandika, unaondoka. Mtu unayemfulia soksi unamwambiaje kwamba unamkumbuka akiwa kazini?

Nikakaa kando yake.

"Leo nilitaka kwenda Potomac kumng'oa bibi wa watu nywele," nikasema. "Nakupenda, Nabil. Hata hiyo fidla yako naionea wivu. Usiniache."

"Siendi kokote."

"Na ukinificha tena barua, nakuua."

"Sawa. Sema tena."

"Nakuua?"

"La. Lile la kwanza."

Nikalisema tena. Lilitoka kwa taabu, mwanamke mzima wa miaka thelathini na minane, mchana kweupe, uso unaniwaka kwa haya. Mume wangu akaweka kichwa mapajani mwangu, akalia.