Betri ya Marehemu Folole

Gari lilikataa kuwaka tena asubuhi ile, na hilo peke yake lisingemshtua mtu, maana pikapu ya Ropati ilikuwa takataka tangu siku iliposhushwa kwenye feri. Kilichomsimamisha Leitu, ndoo ya maji mkononi, ni sauti. Nyu, nyu, nyu. Ilitoka chini ya boneti, laini, kama kinywa kidogo kinachonyonya bila haraka. Alipokohoa, ikakoma.

"Ropati," alimwita mumewe. "Kuna kitu kwenye gari."

"Panya huyo."

"Panya ananyonya?"

Ropati akafungua boneti. Panya hakuwepo. Ilikuwepo betri aliyoifunga mwezi uliopita, na vichwa vyake vyote viwili vimelowa uteute kama mate. Akaufuta kwa shati lake, akazungusha ufunguo. Starta haikutoa hata kikohozi.

Mama yake Ropati, Taligi, alikuwa ukingoni mwa nyumba akimenya magimbi, na kwa kuwa nyumba za huko kisiwani hazina kuta, hakuna upuuzi uliompita.

"Ibusu, labda itaamka," alisema. "Mkeo mimba imefika kooni, wewe unafuga bati."

"Mama, niache."

"Nikuache uende wapi? Kwa gari gani?"

Hakuna aliyecheka. Mkunga wa zahanati alikwisha kumpapasa Leitu akakuta mtoto amekingama tumboni. Uchungu ukianza, alisema, mkimbizeni hospitali kubwa, ng'ambo ya pili ya kisiwa cha Savaii, wakamtoe kwa kisu, la sivyo mtachimba kaburi la watu wawili. Basi lilipita alfajiri tu na halikumngoja mtu. Gari lingine pale kijijini lilikuwa la mchungaji, nalo lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu. Ilibaki pikapu.

Ropati hakuwa mvivu, hilo apewe. Alisugua vichwa vya betri kwa majivu mpaka vikang'aa. Akaongeza maji ya betri. Akaipeleka shuleni ikachajiwa kwenye jenereta, ikarudi imejaa, akaifunga jioni, asubuhi imekufa. Akadhani ni taa ya ndani inayokula chaji, akaing'oa balbu, akaitia mfukoni. Asubuhi imekufa. Mwisho akaenda kumlilia mchungaji, akaazimwa betri nzima isiyo na kosa. Nayo ikalala na kuamka maiti, vichwa vimelowa mate. Akairudisha kwa aibu, akaifunga tena ile yake.

Jioni hiyo kombe la baharini lilipulizwa kuita kijiji kwenye sala. Saa hiyo hakuna anayetembea, hata kuku wanajua. Walikaa mkekani, Taligi akaanzisha wimbo, Ropati akaitikia kwa sauti yake mbovu, na Leitu aliyekaa akitazama nje akasikia harufu: mafuta ya nazi yenye maua, yale wanayopakwa maiti, na ndani yake petroli. Akainua macho. Taa ya ndani ya pikapu ilikuwa inawaka, ile taa isiyo na balbu, hafifu na ya manjano, na kwenye kiti cha nyuma palikuwa na mtu ameinamisha kichwa kama wanavyoinamisha kina mama wakitazama kilicho mapajani, nywele zake zimelowa na zinachuruzika juu ya kiti, mkono wake mmoja ukipigapiga kitu taratibu, taratibu, na kila alipopiga taa ilififia, na kila ilipofifia ile nyu, nyu, nyu ilikuja ikiwa karibu zaidi, chini ya boneti, chini ya nyasi, chini ya mkeka aliokalia, mpaka Leitu akakamata tumbo lake kwa mikono miwili na wimbo ukamkwama.

"Imba," Taligi alimnong'oneza, bila kugeuza kichwa. "Nimemwona. Imba, mwanangu, usimtazame."

Kulipokucha Taligi alimleta mganga Sinapati, kikongwe mwenye mguu uliovimba na majani yake kwenye kikapu. Sinapati hakugusa majani. Alizunguka gari mara moja akinusa, akasimama mbele ya Ropati.

"Betri hii umeitoa wapi?"

"Niliipata."

"Ilikuwa inatembea barabarani yenyewe?"

Ropati akatazama miguu yake. "Kwenye kona. Ile ya mwamba mweusi."

Taligi akaangusha kisu. Kila mtu aliijua kona hiyo. Hapo ndipo Folole, binti wa kijiji cha jirani, alipopinduka akipelekwa hospitali kujifungua, akafia kwenye kiti cha nyuma na mimba yake.

"Ulikwenda lini?" Sinapati aliuliza.

"Kesho yake. Alfajiri. Gari lilikuwa limetupwa tu, bibi. Ni chuma."

"Kabla ya nguo kutandikwa?"

Mtu akifia njiani, ndugu zake hutandika nguo ya gome la mti pale alipoanguka, na kiumbe kinachotambaa juu yake ndiye yeye; hukunjwa humo akazikwa na mwili wake. Asipokunjwa hana kwao.

"Nilikuwepo mimi!" Taligi alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, jambo lililomtisha Leitu kuliko matusi. "Mama yake Folole alikaa pale kutwa nzima, nguo tupu mbele yake, hakuja hata sisimizi. Mimi ndiye niliyekuwa nampepea. Nilimwambia Mungu anajua. Kumbe mwanangu mwenyewe alishambeba binti yake kwenye gunia la nazi!"

"Mama, sikujua..."

"Ulijua kufungua nati."

Sinapati alitandika nguo ya gome chini ya boneti iliyo wazi. "Akija, tutamkung'uta," alisema. "Akirudi, tutamkung'uta tena. Akija mara ya tatu ndiye. Na mtu asikunje mpaka niseme."

Walikaa. Jua likapanda. Ndipo chupa ya uzazi ya Leitu ilipopasuka, maji yakalowesha mkeka, na uchungu ukamkamata kiunoni kama koleo.

"Ropati," alisema. "Ropati, ndiyo hivi."

"Bibi, harakisha!"

"Mharakishe aliyekufa."

Mjusi mkubwa mweupe akashuka kwenye bampa, akaingia juu ya nguo. Sinapati akamkung'uta. Akarudi. Akamkung'uta. Leitu alikuwa amepiga magoti ameng'ata kanga, na kwa usawa ule wa chini aliona mjusi akirudi mara ya tatu, akafika katikati ya nguo, akageuka akatazama alikotoka. Pale ukingoni, kwenye kivuli cha gurudumu, kilikuwepo kingine, kitoto cha mjusi kama ukucha, ngozi yake bado inapitisha mwanga. Kiliinua mguu mmoja kukanyaga nguo.

"Subirini," Sinapati alisema. "Hajatulia, anangoja..."

Leitu akapiga ukelele. Ropati hakusubiri. Alikunja nguo pembe nne, kile kidogo kikabaki nje, akaifunga, akaitupia kikongwe mapajani, akambeba mkewe mpaka garini, kikongwe akapanda naye. Akazungusha ufunguo, na gari likanguruma kama jipya.

Walipita kijiji cha jirani, Sinapati akamkabidhi mama yake Folole furushi lile dirishani bila gari kuzimwa. Mwanamke yule alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akakaa chini hapo hapo barabarani.

Leitu alipasuliwa, mtoto akatolewa mzima, wa kiume, mwenye mdomo mkubwa wa bibi yake. Maziwa yalimjaa hata yakalowesha shuka za hospitali. Wakarudi nyumbani kwa pikapu ile ile, na haikuzima tena. Kila asubuhi mguso mmoja tu, inawaka. Ropati akarudi kujisifu.

Ila maziwa ya Leitu yalianza kukauka tangu siku ile waliporudi. Mtoto alivuta, akaachia, akalia, akavuta tena. Mashavu yake yakaingia ndani. Taligi alimpikia mkwewe mchuzi wa samaki na tui, akampikia shelisheli, akamsimamia.

"Kula, mwanangu. Kula tena. Yanakwenda wapi, kwani?"

Asubuhi moja Leitu alikaa mkekani, mtoto kwenye titi la kushoto. Mtoto alikuwa amechoka kulia, amelala mdomo wazi, hanyonyi. Nje injini ikaitika mara moja.

"Unaisikia, Leitu?" Ropati alipaza sauti akicheka. "Imejaa mpaka juu!"

Ndipo harufu ya petroli ilipomjia, upande wa kulia, upande usio na mtu. Nguo yake ikainuka kidogo. Kitu baridi kikamgusa kifuani, kikatafuta, kikapata.

Nyu, nyu, nyu.

Leitu akakohoa.

Haikukoma.