Beji Ndani ya Kifua cha Bibi

Saa tatu na nusu asubuhi kelele zikatoka chumba cha eksirei. Bibi mmoja mwembamba alikuwa ameikumbatia filamu ya kifua chake kama mtu anayenyang'anywa mtoto.

"Sirudii! Kunipiga mara ya pili, mimi ngoma?"

Mpiga picha, jamaa waliyembandika jina la Chapuchapu, akanyoosha mkono. "Lete, bibi. Imeharibika."

"Imeharibikaje?"

"We lete tu!"

Mkaguzi wa mionzi alikuwa ofisi ya pili, kaja kwa kesi nyingine kabisa. Akatoka, akamwomba bibi ile filamu, akaiinua dirishani. Yaani, katikati ya mbavu kulikuwa na kidubwasha cha mstatili, na kibanio chake juu. Beji! Ile ambayo wapiga picha hubana kifuani kupima mionzi inayowapata.

"Nimemeza nini, mwanangu?"

"Hujameza kitu, mama. Filamu moja imepigwa mara mbili. Kuna mtu aliipiga beji, halafu akairudisha kaseti, hili kasha la filamu, kwenye rafu na filamu yake ndani."

Na kesi iliyomleta mkaguzi ilikuwa ya beji. Ya Dada Pole, mpiga picha wa pili, ilirudi kutoka maabara ikiwa na mionzi ya kutisha. Wakubwa wakasema huyu mzembe, anakaa ndani mashine ikipiga. Saa nane mchana kulikuwa na kikao cha kumfukuza.

Mkaguzi akamwacha bibi kwenye benchi, akawaita watatu wanaoingia chumba kile, Chapuchapu, Dada Pole na mama wa usafi, akafunga mlango. Akaanza na huyo wa usafi.

"Funguo za chumba unazo wewe."

"Ninazo, na mopu ninayo. Hiyo mashine hata kuiwasha siijui. Muulize mwenye beji, labda kaiunguza kwa mionzi mwenyewe apate likizo."

"Likizo ya kufukuzwa?" Dada Pole akang'aka. "Beji naitundika na koti kila jioni. Yeyote anaweza kuichukua."

"Hata wewe," mkaguzi akasema. Dada Pole akanywea.

Mkaguzi akageuka. "Chapuchapu, alama yako ya madini ya risasi iko wapi? Ile mnayoweka pembeni ya kila picha kuonyesha kulia na kushoto."

Akaitoa mfukoni. Kiherufi cha madini, ncha moja imevunjika.

"Huwa unaazimisha?"

"Alama? Alama ni kama mswaki, mkubwa. Kila mtu na yake."

"Vizuri." Akaibandika filamu kwenye taa. "Hii begani kwa bibi ina ncha iliyovunjika. Sawa, leo umempiga wewe. Na hii pembeni ya beji?"

Wote wakasogea. Ncha imevunjika. Ile ile.

"Kilichonisumbua ni kaseti," mkaguzi akaendelea. "Mtu anayetaka kuiunguza beji anaiweka mezani, anabonyeza, anaondoka. Kaseti ya nini? Alama ya nini? Lakini mkono una mazoea, kaka. Kitu kikikaa mezani, wako unasukuma kaseti chini yake na kuweka alama pembeni. Hata ukiwa kwenye uhalifu."

Chapuchapu akajipangusa jasho. "Nilisikia viatu koridoni. Nikaisukumia kaseti nyuma ya rafu, nikasahau. Leo kaseti zimepungua, nikaichukua hiyo hiyo…"

"Ni yule binti," Dada Pole akasema polepole. "Ulimpiga picha ya tumbo bila kumuuliza kama ana mimba, na kumbe anayo. Kwenye kikao cha kesi yake ukadai ulimuuliza. Shahidi ni mimi peke yangu."

"Ukishaitwa mzembe, nani angekusikiliza?" Chapuchapu akafoka, halafu akainamisha kichwa.

"Swali moja, ndugu yangu! Moja tu!" Dada Pole akamjia juu.

"Foleni ilikuwa ndefu."

"Haya," mama wa usafi akasema, "foleni yako imekwisha."

Mkaguzi akamnyang'anya Chapuchapu funguo za mashine, akapiga simu kwa wakubwa. Kikao cha saa nane kikabaki pale pale, ila mshtakiwa akabadilika.

Dada Pole akavaa koti, akaenda kwenye benchi, akachuchumaa. "Bibi, shikamoo. Kwenye picha yako kuna kitu cha watu kimeziba pafu, daktari haoni. Naomba turudie mara moja tu, na kiunoni nitakufunga kinga ya mionzi. Una swali?"

Bibi akamtazama, akainuka.

"Sina. Yule mwenzako angenieleza hivi, ningempa filamu yake mapema."