Vitanda Viwili vya Roma

"Kwa hiyo mama, Roma siku tatu, Paris siku nne. Vyumba vyote vitanda viwili, si ndiyo?"

"Vitanda viwili vya nani?" nikamuuliza yule dada wa ofisi ya safari.

"Vyenu, mama. Mzee amekazia sana. Amesema hoteli isipokuwa navyo, nitafute nyingine."

Nikakata simu bila kuaga. Likizo yetu ya kwanza Ulaya, miaka ishirini na sita ya ndoa, na mume wangu anahakikisha hatulali kitanda kimoja!

Sijifanyi malaika. Nyumbani nalala chumba cha binti yetu aliyeolewa. Nilihamia humo kwa wiki moja tu, maana mume wangu alikuwa anakoroma kama trekta. Wiki ikazaa miaka mitatu. Tukawa tunatumiana meseji humo humo ndani kama wapangaji. Nilikuwa natega sikio, labda atakuja kunigongea. Hakuja. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo. Cha kwetu kilikuwa kimya tu, na mimi nikawa mpweke nikiwa na mume.

Meseji ikaingia: "Ratiba imefika. Njoo sebuleni uione."

Nikaenda nimevimba. Alikuwa bado na ovaroli lake la ufundi wa friji, miwani puani, karatasi mezani.

"Kama umenichoka, sema. Usinipeleke mpaka Paris ndiyo unionyeshe."

"Nani kakuchoka?"

"Vitanda viwili!"

Akavua miwani. "Nilikufikiria wewe. Kule hakuna chumba cha mtoto cha kukimbilia."

"Mimi nilikukimbia?"

"Ulibeba mto, ukaondoka."

"Na wewe ukanitazama!"

Akawa anakunja pembe ya ile karatasi. Kisha akasema taratibu, "Sikoromi tena."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Nilipasuliwa koo. Zile siku mbili nilizokwambia nina kazi nje ya mji."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Wiki nzima nilikunywa supu tu," akaendelea. "Hukuuliza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka usikie mwenyewe. Nikasema, siku moja ataniuliza mbona nimenyamaza."

Na nilisikia, jamani! Ule ukimya niliusikia, nikadhani ni masikio yangu yameshazoea.

"Nani alikurudisha kutoka hospitali?"

"Teksi. Dereva akaniuliza, 'Mzee, nyumbani kuna mtu?' Nikamwambia yupo."

Hapo nikalia, tena kwa sauti. Mtu ametoka kupasuliwa, amepita mlangoni kwangu ameshika koo, na mimi ndani nachekea simu.

"Nisamehe, mume wangu."

"Na mimi nilinyamaza mno, mke wangu. Nilikuwa nakuona unapita, nakukumbuka." Akajifuta macho kwa mkono wa ovaroli. "Basi nimpigie yule dada abadilishe. Tuna muda, safari yenyewe mwezi ujao."

"Mwezi ujao mbali," nikamwambia. "Nahamia leo."