Safu ya Kijiji

Je, umewahi kulijua jibu ambalo mtu analitafuta, ukanyamaza? Masika alinyamaza siku tatu.

Kila alasiri, akitoka shule huko Murara, alipita parokiani. Hapo shangazi yake Léonie aliandika kwenye kompyuta watoto walioshuka boti gatini Kituku peke yao, wakikimbia vita. Kila mtoto alikuwa na mstari wenye safu tatu: jina, mama, kijiji.

Jumatatu Masika aliivuta safu ya kijiji, ikawa ya kwanza kwenye kioo cha kompyuta, kwa sababu akina mama hutaja kwanza walikotoka. Kisha akaingiza orodha ya watoto kumi na wanane, isiyo na vichwa vya safu, akifuata mpangilio aliouona. Mashine ikajaza kwa mpangilio wake wa zamani: kijiji kikakaa penye jina, mtoto penye mama, mama penye kijiji. Masika akairudisha safu mahali pake. Majina yalibaki yamevurugika. Akaogopa kukatazwa kompyuta, akaifunga.

Kesho yake akaja mama Domitille, mkononi kandambili moja ndogo ya bluu. Mwanawe Benny, wa miaka sita, alipotelea gatini Minova. Léonie alitafuta katika safu ya mama.

"Hayupo, mama. Rudi kesho."

Jumatano hayupo. Alhamisi hayupo.

"Basi kesho napanda boti ya Bukavu," alisema Domitille. "Labda walimupeleka kule."

Masika alikuwa ameliona jina la Domitille, limekaa penye kijiji. Akamgeukia shangazi yake.

"Tantine, mutoto yupo. Ni mimi nilivuruga."

Akaeleza yote. Léonie akatafuta upya, akampata Benny: alikuwa amepokelewa na familia moja ya Keshero.

"Kwenye kioo ulibadilisha namna ya kuonyesha tu," alisema Léonie. "Ndani, safu haikutembea. Orodha ije na majina ya safu, usihesabu ya kwanza, ya pili. Lakini hilo ni kosa la dakika tano, Masika. Kunyamaza kwako ndiko kumemutesa huyu mama siku tatu. Ukikosea, sema siku ileile."

Wakaenda Keshero kwa miguu, wote watatu. Benny alikuwa anaosha sahani uani. Alimtazama mama yake, kisha akageuza uso.

Domitille akachuchumaa, akamvika ile kandambili.

"Sikukuacha, mutoto wangu," alisema. "Watu walinisukuma ndani ya boti, mukono wako ukaniponyoka. Nilitaka ujue hivyo tu."